Kilo mbili za fimbo nyeupe, na mama mkwe kasimama jikoni

Jamani mi niko Berlin mwaka wa sita sasa, baridi nimeizoea, maduka kufungwa Jumapili nimezoea, hata kupanga taka kwenye ndoo nne tofauti kama napanga wanafunzi mstarini asubuhi nimezoea, ila kuna kitu kimoja kila ikifika Aprili najiona kama nimeshuka kwenye ndege jana. Wenyewe wanaita Spargel. Asparagasi yaani, zile fimbo, ila za hawa ni nyeupe pee kama mshumaa wa kanisani.

Zikishaingia sokoni mpaka tarehe 24 Juni hakuna stori nyingine. Kazini Spargel, kwa kinyozi Spargel, unamuuliza mtu za jana anakujibu jana tulikula Spargel. Vibanda vinaota barabarani kama vya mahindi ya kuchoma, na kila kibanda kimeandikwa Beelitz, kamji fulani kusini-magharibi mwa Berlin ambako wanazilima tangu 1861, na mtu akiitaja hiyo Beelitz anaitaja kwa sauti ileile tunayotajia sisi mchele wa Kyela.

Sasa wife ananiambia Jumapili hii wazazi wake wanakuja, ni siku ya akina mama, yeye ana shifti wodini mpaka saa sita mchana, kwa hiyo mimi ninunue kilo mbili Jumamosi na Jumapili asubuhi nimenye kabla hawajafika. Nikauliza kilo mbili za nini watu wanne? Akasema nusu kilo kila mtu. Nusu kilo! Ya mboga! Mi nusu kilo naijua ya nyama.

Nikaenda. Kilo euro 14. Nikamwambia yule dada wa kibandani nadhani umenitajia bei ya mbili, akacheka sana, akajua natania. Piga hesabu za nyumbani, kilo mbili hizo ni elfu themanini ya kwetu, na mimi nikiwa na elfu themanini pale Turiani siulizii mboga, naulizia mbuzi na namwambia mwenye mbuzi aache tamaa. Dada akachukua fimbo mbili akazisugua karibu na sikio langu zikalia kwi kwi kama viatu vipya vya Krismasi, eti ndo dalili kwamba zimevunwa leo. Akabonyeza kitako cha moja kikatoa kamaji, akaninusisha. Nikanusa, nikatingisha kichwa kama mtu mwenye utaalamu, foleni nyuma yangu inanihemea shingoni. Akaniambia nikifika nizifunge kwenye kitambaa kibichi niweke kwenye friji. Nikafanya hivyo hivyo. Usiku wa manane naamka kunywa maji, nafungua friji, nakuta kitu kimeviringishwa kimelala kama kichanga cha siku tatu. Nilipiga kelele aisee, wife akadhani mwizi.

Jumapili asubuhi nikaamka na majivuno yangu. Mi mtoto wa Turiani bana, nimekulia kando ya mashamba ya miwa ya Mtibwa, muwa namenya kwa meno toka darasa la kwanza, hizi fimbo laini zitanishinda nini. Nikawasha muziki, nikashika kile kisu cha kumenyea karoti, nikaanzia kitakoni kwenda juu. Kichwa kikaruka paa. Ya pili, kichwa paa. Sikujua kwamba kichwa ndo mali yenyewe, ndo watu wanacholipia, mi navirundika pembeni kama vya paka. Fimbo ya saba ndo akili ikanijia nikaingia YouTube, nikamkuta bibi mmoja anaonyesha: unailaza fimbo mkononi, kisu unaanzia chini kidogo ya kichwa unashuka mpaka kitakoni, unaizungusha, unashuka tena, taratibu kama unamnyoa mzee ndevu, kichwa hukigusi. Ukimaliza unakata kitako kama sentimita mbili maana hapo ni kuni tupu. Na ganda usibakize hata mstari, ukibakiza mgeni wako atatafuna mpaka kesho.

Nikamenya saa nzima nimeinama, mgongo unalia. Fimbo zinakonda, maganda yananenepa. Kwa uchokozi tu nikaziweka kwenye mizani ya jikoni. Kilo moja na gramu 300. Nikatoa nikaweka tena, ileile. Yaani gramu 700 ziko kwenye ndoo ya taka, karibu euro kumi zimekaa pamoja na maganda ya ndizi ya juzi. Sasa niambieni nyie, mboga gani hii unanunua kwa bei ya nyama halafu theluthi unaitupa hata jiko hujawasha?

Mara kengele. Kwamba Wajerumani hawachelewi najua, ila kuwahi dakika ishirini nako ni uonevu. Baba mkwe akakaa kwenye kochi, mama mkwe moja kwa moja jikoni. Na hapa naomba mnielewe, kwetu mama mkwe ukimuona anakuja na njia hii wewe unapita kichakani mpaka apite, huyu mwenzenu kavaa aproni kasimama bega kwa bega na mimi kwenye sinki. Akaniuliza, maganda yako wapi? Nikamfungulia ndoo kwa furaha kabisa, aone mkwe wake msafi. Uso ukambadilika kama nimemuonyesha ada ya shule nimeipeleka kwenye kubeti.

Akaingiza mkono akayatoa. Yote. Shukuru Mungu ndoo ina mfuko na yale ya ndizi yalikuwa chini. Akayaosha, akayatia kwenye sufuria na maji, chumvi, kipande cha siagi, slesi ya limau, na kijiko cha sukari. Nikajua kakosea kopo, nikamuonyesha chumvi. Hapana, sukari, inaondoa uchungu. Robo saa maganda yanachemka peke yake, akayachuja, na maji yaleyale ndo tukatia fimbo. Yaani mtu unamvua nguo, unachemsha zile nguo, halafu unamwogesha na maji ya nguo zake.

Kisheria fimbo zinachemshwa kwenye sufuria maalumu ndefu nyembamba, zinasimama wima vichwa vikiwa nje ya maji vinapata mvuke tu. Sisi hatuna. Nikatoa sufuria yangu ya ugali, mama mkwe akaugusa ukoko wa wiki iliyopita kwa kucha, akasugua sufuria dakika tano bila neno, tukazilaza humo. Dakika kumi na tano. Katikati nikauliza kama tukaange kitunguu na nyanya pembeni. Nikauliza kuhusu tui la nazi. Mara ya tatu sikuuliza.

Wife akarudi, tukakaa. Sahani ina fimbo, viazi vidogo vipya, sosi ya Hollandaise ambayo ni viini vya mayai na siagi basi, na ham. Ham ndo kitimoto hiyo ndugu zangu, ila kimekatwa chembamba unaweza kusomea gazeti upande wa pili, kimepoa, hakina ndizi, hakina kachumbari, pilipili ndo usiulize. Na ladha ya Spargel yenyewe, nikiitwa mahakamani nitasema ni maji yaliyowahi kupita karibu na mahindi mabichi. Siyo mbaya. Ila kwa siagi ile hata soksi ingekuwa siyo mbaya.

Nikajitia kuchangamsha maongezi, nikasema mbona kuna ile ya kijani, unamenya theluthi ya chini tu, dakika nane imeiva, na inafanana na mboga. Baba mkwe akaweka uma chini. Akasema ile siyo Spargel. Kumbe mmea ni uleule! Nyeupe inakuwa nyeupe kwa sababu wameifukia kwenye tuta isione jua, ikichungulia tu kichwa kinageuka zambarau halafu kijani, na anayeivuna anainama kila tuta anaikata moja moja kwa mkono, Waromania na Wapolandi wanakuja msimu mzima kwa kazi hiyo. Kwa hiyo euro zangu 28 nimelipia kujificha. Kwetu anayejificha jua namna hiyo anadaiwa kikoba.

Wakati anaeleza mi namwangalia mama mkwe. Alikuwa anatafuna. Anatafuna, anatafuna, anahamishia shavu la pili. Mwisho akaingiza vidole viwili akavuta uzi mrefu kama wa embe, akaulaza pembeni ya sahani, ukajikunja. Hakusema kitu. Na huyu mama husema kila kitu, mpaka nywele zangu ana maoni nazo.

Baada ya kama saa moja nikaenda kujisaidia haja ndogo. Ndugu zangu, ile harufu. Kama kabichi iliyosahaulika kwenye maji wiki nzima na mtu akawasha kiberiti juu yake. Nikajua figo zimekwenda. Nikafikiria sukari, nikafikiria bima, nikafikiria nani atampigia mama simu. Nikafungua dirisha, nikaflashi mara tatu, nikachukua pafyumu ya wife nikapuliza kuta zote nne na dari. Nafungua mlango, mama mkwe kasimama hapo anasubiri zamu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikarudi mezani kimya, sinywi hata kahawa. Akarudi na yeye akakaa. Mara baba mkwe, mbele ya keki, bila aibu, ananiuliza: vipi, umeshaisikia harufu? Wote wanacheka. Kumbe kuna asidi ndani ya hiyo mboga, mwili ukiivunja inatoa vitu vya salfa vinavyotoka na mkojo, kawaida kabisa, na kuna watu pua zao hazisikii kitu. Mama mkwe ni mmojawapo, maisha yake yote hajawahi kuisikia.

"Ila," akasema, "mbona chooni kunanukia pafyumu ya binti yangu hivyo?"

Jioni nikamtumia mama picha ya sahani. Akanijibu kwa sauti: "Mwanangu, siku hizi wanakulisha mianzi?" Nikamwambia ni mboga mama, inawekwa sukari. Akakaa kimya kama sekunde nne hivi, kisha akaniuliza kama nina nauli ya kurudi.

Mama mkwe wakati anaondoka kaniachia supu ya maganda kwenye friji na kisu kipya cha kumenyea, kasema kile changu butu. Kasema pia wiki ijayo bei inashuka kwa hiyo atakuja na kilo tano mwenyewe. Leo ni tarehe 11 Mei. Nimefungua kalenda nikahesabu kwa kidole mpaka 24 Juni. Jumapili sita.