Ukiwa Kigoma, redio ya kwanza isiwe ya mkononi

Anayeanza redio ya ridhaa (kuwasiliana na wengine hewani kwa kupenda, si kwa biashara) Kigoma au Tabora huambiwa aanze na redio ya mkononi ya wati 5 kwa sababu ni bei nafuu. Napinga ushauri huo. Redio hizo hutumia megahezi 144 hadi 146, na mawimbi yake huenda kwa mstari ulionyooka. Kigoma vilima vinayakata mapema. Bila ripita karibu (kituo cha juu kinachopokea mawimbi na kuyarusha upya), utaongea na mtaa wa pili tu, tena kama huko kuna mwenye redio na leseni.

Heri usubiri, ukusanye fedha ya redio ya masafa mafupi. Kwenye bendi ya mita 40, megahezi 7.000 hadi 7.200, mchana mawimbi hupanda karibu wima, yakagonga ionosfea, tabaka la juu la anga lenye chaji ya umeme, na kurudi chini. Kigoma na Tabora husikilizana hivyo, vilima au hakuna.

Suala ni wati. Wengi hukimbilia 100, na hapo ndipo fedha inapopotea. Kutoka wati 20 hadi 100 unaongeza desibeli 7, yaani zaidi kidogo ya alama moja ya S, kipimo cha nguvu ya mawimbi kwenye mita ya anayekusikiliza. Gharama yake ni umeme. Redio ya Icom IC-7300 ikirusha wati 100 huvuta ampea 21, na haitakiwi kupata chini ya volti 11.7. Chukua betri ya sola yenye volti 12.4 na waya wa milimita 2.5 za mraba, urefu mita 3. Kwenda na kurudi ni mita 6, ukinzani kama omu 0.04, unapoteza karibu volti 0.9. Redio inapata 11.5, na hapo bado betri yenyewe haijalegea kwa mzigo. Sauti inakwaruza, au redio inajizima katikati ya neno.

Kwa hiyo mimi ningechagua Xiegu G90: wati 20, ampea zisizozidi 8, tyuna ya antena (kifaa cha kuilinganisha antena na redio) iko ndani.

Fedha inayobaki iende kwenye antena. Kata waya wa nyumba wa milimita 1.5 za mraba, vipande viwili vya mita 10.5, katikati uunge kebo ya koaksia ya omu 50. Tundika kwenye miembe, ambayo Tabora haikosi, mita 5 au 6 juu. Punguza kila upande sentimita 10 kwa zamu hadi SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kwenye redio badala ya kurushwa) ishuke chini ya 1.5 kwenye megahezi 7.1. Tyuna iwe imezimwa wakati huo, la sivyo kipimo kitakudanganya. Utaishia mita 10 au pungufu, kwa kuwa ganda la plastiki huifanya antena iwe ndefu kiumeme.

Bendi ikijaa kelele mchana kutwa, zima kidhibiti chaji cha sola kabla ya kushuku redio. Mawingu yakijikusanya, chomoa kebo ya antena na uitoe nje; kuzima swichi hakuzuii radi.

Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, itangulie malipo ya vifaa vyovyote. Alama yako ya wito, yaani jina lako hewani, itaanza na 5H.