Nyumba Namba Nne: Ondoa

Sisi watu wa Mwanza tuna kitu ambacho watu wa Dar hawana: karibu nusu saa ya ziada ya jua la jioni. Sitanii. Saa ya ukutani ni moja kwa nchi nzima, lakini jua halijaambiwa. Dar iko digrii 6 na ushee mashariki yetu, na jua hutumia dakika 4 kwa kila digrii. Piga hesabu mwenyewe. Wenzetu wakiwa wameshawasha taa na wanafukuzana na mbu, sisi huku bado tunaonana sura. Asubuhi tunalipa deni, maana linachelewa pia kuchomoza, ila asubuhi yangu tangu nizae ni ya kutafuta soksi ya pili tu, kwa hiyo sidai.

Hiyo nusu saa ndiyo niliyokuwa naiwinda.

Mimi ni mhasibu katika kiwanda cha minofu ya sangara. Uhasibu si kazi, ni hukumu. Popote watu watatu wanapotaka kuchangishana, macho yote yanakugeukia: mweka hazina. Kikoba, mimi. Kwaya, mimi. Kamati ya harusi ya mtoto wa shemeji yake jirani, kijana ambaye hata akinisalimia stendi simjui, mimi. Nilipojifungua mtoto wa pili, ujumbe wa kwanza kuja kuniona wodini ulikuja na chupa ya uji na daftari la michango, na daftari ndilo lilitangulia kufunguliwa.

Lakini tangu shule ya msingi napenda kuchora. Baba watoto anajua, ndiyo maana alininunulia sanduku la rangi za maji na brashi zake. Sanduku likakaa juu ya friji likinisubiri kama mstaafu anayesubiri mafao. Siku moja nikasema basi. Kuanzia leo, kutoka kazini mpaka giza liingie, huo ni muda wangu. Baba watoto akaniunga mkono kwa moyo wote, akauliza tu ugali utapikwa na nani.

Jiwe la Bismarck sikulitaka. Liko kwenye kalenda, kwenye kadi, na kwenye simu ya kila mtu aliyewahi kupita pale karibu na kivuko cha Kamanga. Mimi nilikitaka kilima kilicho nyuma ya kiwanda chetu, ambacho nimekitazama kwa miaka kupitia dirisha la ofisi huku nikijumlisha makatoni. Mtaa wenyewe sitautaja. Mwenyekiti wake ana simu janja na anasoma kila kitu.

Kama hujafika Mwanza, elewa kwamba huku hatujengi mbali na mawe, tunajenga nayo. Granaiti ya kilimani ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, ilikuwepo kabla ya ziwa, haiondoki kwa ajili yako. Kwa hiyo mtu anaegemeza nyumba yake kwenye jiwe, jiwe linageuka ukuta wa nne, na pesa ya tofali inanunua bati. Nyumba inapanda juu ya nyumba mpaka kileleni wanakolala pimbi. Jioni jua likipiga zile bati zenye kutu, ziwa likimeta kwa nyuma, hata mweka hazina anaweza kulia.

Nikapanda. Nikapata jiwe zuri la kukalia, nikaanza.

Kuchora kuna utaratibu wake. Unanyoosha mkono ukiwa umeshika penseli wima, unafumba jicho moja, unapima kwa kidole gumba: nyumba hii ni nusu ya lile jiwe, lile jiwe ni mara mbili ya ule mwembe. Halafu unachora mistari hafifu na kuzipa nyumba namba, ili mwanga ukibadilika ukumbuke rangi ya kila moja. Pembeni unaandika maelezo yako. Yangu yalisomeka hivi:

Namba 1: chakavu, iache. Namba 2: sogeza kushoto. Namba 3: punguza nusu. Namba 4: inaziba ziwa, ondoa. Choo: ondoa kabisa. Mwembe: ubaki.

Sasa jiweke upande wao. Mwanamke mgeni amekaa juu ya jiwe. Amevaa reflekta ya kiwandani, kwa sababu ukishaizoea hukumbuki kuivua. Ana kalamu sikioni, ana kibao chenye karatasi, ana rula. Anafumba jicho moja na kuzielekezea nyumba za watu kidole gumba, moja baada ya nyingine, kisha anaandika.

Watoto walinizunguka kwanza. Mmoja, wa darasa la tano hivi, alikuwa msomaji hodari, Mungu ambariki. Alisimama nyuma ya bega langu, akasoma kimoyomoyo, midomo ikicheza. Alipofika "namba 4" akanyamaza, akaangalia karatasi, akaangalia nyumba, akaangalia karatasi. Kisha akatimka. Nikafikiri ameitwa nyumbani.

Kabinti kengine kakawa kananivuta mkono, kanataka brashi. Nikakapa ile ndogo, nikakachovyea rangi nyekundu niliyokuwa nimeandaa kwa ajili ya kutu. Kalikuwa kanacheza mwalimu. Kakaenda kwenye ukuta wa nyumba ya karibu, kakautazama kwa masikitiko, kakaona umekosa hesabu, kakauwekea X. Kubwa. Nyekundu. Katikati ya ukuta, karibu na mlango.

Mimi nilikuwa nahangaika na mawingu.

Mwenye ile nyumba ni mama muuza dagaa. Alikuwa anapanda na ndoo yake kichwani kutoka Mwaloni, anapumua kwa shida, na yule msomaji hodari akakutana naye njiani. Sijui walizungumza nini. Nilichosikia ni ndoo. Ndoo ya plastiki ikianguka kwenye mawe ya Mwanza haina haraka, inagonga jiwe hadi jiwe mpaka bondeni, na baada ya ndoo ikaja sauti ya mama mwenyewe: "Wamekuja! Wameweka eksi!"

Nataka nikwambie kwamba kuna kasi ambayo hujawahi kuiona kama hujaona mtaa wa kilimani ukisikia habari ya eksi, ile alama ya nyumba inayotakiwa kubomolewa. Ndani ya muda wa kukausha wingu moja, kulikuwa na kijana juu ya bati anang'oa misumari ili aokoe mabati yake. Kochi lilikuwa limekwama mlangoni, nusu ndani, nusu nje, na bibi mmoja amelikalia anatoa amri. Mbuzi walikuwa wanahamishwa. Upande wa pili wa njia, watu wengine walikuwa wamesikia habari tofauti kabisa, kwamba ni urasimishaji wa makazi na hati zinatolewa leo leo, kwa hiyo wao wakajipanga foleni mbele yangu wakiwa na vitambulisho vya NIDA. Wa kwanza kwenye foleni akaniambia, "Dada, mimi nina haraka, mgonjwa."

Na tayari palikuwa na mama anapitisha kofia. Mchango wa nini, hakuna aliyejua. Kwetu balaa likitokea mchango huanza, sababu itafuata.

Mwenyekiti wa mtaa akafika akiwa amevaa kandambili na koti la suti. Mfuko wa koti ulikuwa umevimba: muhuri. Nikasimama.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba. Barua yako ya utambulisho iko wapi?"

"Sina, mwenyekiti. Mimi nachora tu."

"Ramani?"

"Picha."

"Picha ya nani?"

"Ya nyumba."

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Ni yangu mwenyewe, napenda tu kuchora nikitoka kazini."

Akageuka kuwatazama wananchi wake, wananchi wakamtazama. Pale ndipo nilipojua nimepotea. Mtu mzima, mwenye ajira, apande kilima kile na miguu yake, bila posho, kuja kuchora choo cha watu kwa kupenda? Hata mimi nisingeniamini.

Akachukua kibao changu, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mkutano wa hadhara. "Namba moja, chakavu, iache." Mwenye namba moja akashusha pumzi, kisha akakumbuka amekashifiwa. "Namba mbili, sogeza kushoto." "Kushoto wapi, na kuna korongo?" akalia mwenye namba mbili. "Namba tatu, punguza nusu." Kimya. Mwenye namba tatu ana wake wawili. "Namba nne, inaziba ziwa, ondoa." Mama wa dagaa akakaa chini.

"Ni utaratibu wa wachoraji!" nikapaza sauti. "Hata wachoraji wakubwa! Mnamjua Tingatinga?"

Nilikuwa na nia njema. Nilitaka kuwaeleza habari za Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora pale Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kupakia baiskeli. Nilitaka waone kwamba mtu wa kawaida anaweza kushika brashi. Lakini wa nyuma hawakusikia Edward, wala Saidi, wala baiskeli. Walisikia tingatinga. "Tingatinga linakuja!" Kochi lililokuwa limekwama likatoka lenyewe, pamoja na bibi.

Nikaona maneno yamenishinda. Nikachukua kitambaa, nikachovya kwenye kikopo changu, nikaenda ukutani, nikaifuta ile X. Ni rangi ya maji, inaondoka. Futa mara mbili, ukuta safi.

Nilitegemea wataelewa. Badala yake kilima chote kikanyamaza. Maana katika maisha yao wameona wengi wenye uwezo wa kuweka eksi. Mwenye uwezo wa kuifuta hawajawahi kumwona. Mwenyekiti akafunga kifungo cha koti. Mtu akaniletea kiti. Soda baridi ikatokea, sijui wapi.

Na wakaanza kuniletea mashauri. Mzee mmoja akanishika mkono taratibu. "Mwadila, mayu," akanisalimia, akanipeleka nyuma ya nyumba yake. Pale palikuwa na eksi halisi, ya rangi ya mafuta, ya miaka mingi, imepauka. Walioiweka hawakurudi tena, na tangu siku hiyo hajathubutu hata kupiga plasta. "Na hii nifutie." Nikamwambia mzee, hii siwezi. Akanielewa vibaya, akaingiza mkono mfukoni kutafuta ya soda. Nikasugua ili kumridhisha. Nilisugua mpaka kitambaa kikatoboka. X ikazidi kung'aa.

Aliyeniokoa ni binti mmoja wa kitengo cha minofu, aliyekuwa anarudi kutoka zamu na buti zake mkononi. "Jamani, huyu si dada wa uhasibu? Huyu ndiye anayetukata mishahara!" Sikuwahi kufurahi hivyo kutukanwa. Mwenyekiti akamhoji kando, akarudi, akaiomba ile picha, akaitazama kwa mara ya kwanza kama picha.

Hapo nilitegemea pole. Nikapata kesi mpya.

"Nyumba yangu iko wapi?" akauliza mama wa dagaa.

"Mama, si ndiyo ile namba nne."

"Kwa hiyo umeniondoa kweli? Yaani hata kwenye karatasi nimevunjiwa?"

Wote wakamuunga mkono. Nikairudisha. Ziwa likapotea, limebaki kipande kidogo tu kushoto. Mwenye namba moja akataka bati lake liwe jipya, la bluu, kwa kuwa ana mpango. Mwenye namba tatu akataka nyumba ziwe mbili zenye ukubwa sawa, na wake zake walikuwa wamesimama pale pale wanapima kwa macho. Aliyeng'oa mabati akaomba nisimchore hivyo, nisubiri ayarudishie. Choo pekee ndicho kilichokubaliwa kwa kauli moja kwamba kiondoke.

Mwenyekiti akahitimisha kwa kutoa muhuri. Nikamwomba, mwenyekiti, hii ni picha. Akasema bila muhuri kesho mtu mwingine anaweza kunisumbua. Akahema juu yake, akaugonga katikati ya anga, juu ya mawingu yangu, akatia saini na tarehe.

Ilibaki kofia. Ile michango ilikuwa imeshafika kiasi cha kueleweka, na waliochanga hawakutaka kurudishiwa, maana kurudishiwa mchango ni mkosi. Ikaamuliwa pale pale kwamba iundwe kamati ya kumtafuta mpima ardhi wa kweli, na fedha ziwe na msimamizi.

Binti wa minofu akanitazama. Nikamtazama kwa macho ya kumsihi.

"Dada ni mhasibu," akasema.

Mikono yote ikapaa, hadi ya kale kabinti, na brashi yangu ndani yake.

Picha tumeitundika sebuleni. Baba watoto anaipenda, anasema hajawahi kuona anga yenye saini. Mgeni wa kwanza kuiona alisimama mbele yake muda mrefu, mikono nyuma, kichwa upande, nami nikajiandaa kusifiwa. Akauliza hicho kiwanja cha katikati, chenye muhuri, kinauzwa bei gani.