Mvua yote hii, na naoga kwa ndoo nusu

Jumamosi iliyopita nililala gesti moja pale Uyole, hapa kwetu Mbeya. Alfajiri nafungua bomba, likakohoa mara mbili, kimya. Nje mvua yetu mnaijua, inapiga bati hadi simu ikiita husikii. Dada wa mapokezi akabisha hodi na ndoo nusu: "Pole kaka, maji yamekatika tangu juzi. Jibane na haya." Nyuma yake maji yanaporomoka kutoka paani, yanachimba msingi wa ukuta, yanakwenda zake barabarani. Gata hakuna. Hata kipande!

Nikaikumbuka Chumbe, kile kisiwa kidogo cha matumbawe Zanzibar. Hakina mto wala kisima cha maji matamu. Nyumba za wageni ni 7, na kila moja paa lake ndilo kisima: mvua inakingwa, inachujwa, inaingia kwenye tangi chini ya sakafu, inapandishwa kwa pampu ya mkono, jua linaipasha moto. Choo hakili maji kabisa, kinatoa mboji. Maji ya kuogea yanachujwa kwenye bustani kabla hayajazama ardhini. Watu wanalipa dola kuoga mvua. Sisi tunairuka na viatu mkononi.

Hebu tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye paa la mita 100 za mraba ni lita 100. Mbeya mjini tunapata kama milimita 900 kwa mwaka. Hizo ni lita 90,000. Toa yanayorukia nje, toa yale ya kwanza yanayoosha vumbi na mavi ya ndege, bado una maji ya kumwaga. Na gesti ile paa lake ni kubwa kuliko hilo.

Najua mtanirukia na kiangazi. Haya, kweli: Juni hadi Oktoba tone halidondoki, na tangi la kuvusha miezi yote hiyo ni hela. Chumbe wana masika na vuli, sisi msimu mmoja. Nimekubali, yaishe. Lakini mimi sijaomba maji ya Septemba. Naomba mvua ya leo niioge leo!

Mamlaka ya maji? Bomba ni lao, paa ni lako.

Mwenye gesti nilimuuliza wakati nalipa. Eti gata linaharibu sura ya nyumba. Natoka nje, yule dada ameshatega mabeseni matatu chini ya paa, anafua mashuka.