Wanawake Hawaikimbii Fimbo

Kila nikikutana na wakufunzi wenzangu wa sanaa za mapigano hapa Nakuru nasikia maelezo yaleyale. Wanawake hujiandikisha kwa wingi mwezi wa Januari, na kufikia Pasaka wamebaki mmoja au wawili. Sababu inayotolewa ni kwamba hawavumilii maumivu. Mimi siikubali hata kidogo. Nimefanya mazoezi ya arnisi pamoja na wanawake kwa muda wa kutosha kujua kwamba anayeogopa fimbo huonekana siku ya kwanza, na mara nyingi ni mwanamume. Wanaoondoka baada ya miezi mitatu wamekwisha kupigwa vidole, wamevilia damu mikononi, na bado walirudi. Kinachowaondoa ni kitu kingine, na sisi tunaoongoza mazoezi ndio tunaokisababisha.

Kwa asiyeijua, arnisi ni sanaa ya mapigano ya Ufilipino, na wengine huiita eskrima au kali. Mwaka 2009 nchi hiyo ilipitisha Sheria ya Jamhuri Namba 9850, ikaitangaza kuwa mchezo wake wa taifa. Sheria hiyohiyo iliagiza arnisi iwe mchezo wa kwanza kuchezwa katika Palarong Pambansa, mashindano ya kitaifa ya wanafunzi. Kwenye karate au taekwondo unaanza na mikono mitupu na silaha, kama ipo, huja baadaye. Kwetu mwanafunzi hupewa fimbo siku ya kwanza, na mikono mitupu humfuata baadaye kwa mienendo ileile. Fimbo ina urefu wa takriban sentimita 70 na hutengenezwa kwa henzirani, mmea mwepesi ambao ukichoka huchambuka nyuzinyuzi badala ya kuvunjika vipande vyenye ncha. Hapa Nakuru henzirani ni ya kuagiza, kwa hiyo wengi wetu tunatumia mti wa mpera uliokaushwa vizuri, na kwa mapambano ya mazoezi paipu ya plastiki iliyofungwa sponji ya godoro na tepu. Mwanzi siutaki ukumbini. Ukipasuka unatoa vibanzi vyembamba, na jicho halina kipuri.

Sasa tuje kwenye maumivu yenyewe, maana ndiyo yanayosingiziwa. Katika arnisi shabaha ya kwanza ni mkono ulioshika silaha. Mkono ndio ulio karibu, na ukiumia silaha huanguka. Kwa hiyo majeraha yetu hayafanani na ya bondia au ya mcheza mpira. Yanajikusanya kwenye vifundo vya vidole, kidole gumba na kigasha. Zamani huko Ufilipino ndivyo mazoezi yalivyofanyika: mwanafunzi analengwa mkono, anaumia, na wengi wanaacha. Remy Presas, aliyezaliwa kisiwani Negros mwaka 1936, aliliona hilo. Alipounda mtindo wake wa Arnisi ya Kisasa aliwaelekeza wanafunzi wapige fimbo kwa fimbo wakati wa mazoezi, na mkono ubaki kuwa shabaha inayoeleweka bila kuvunjwa kila jioni. Presas aliwaona wanafunzi wakiondoka, hakusema ni walegevu. Alibadilisha namna ya kufundisha, na sanaa ikaenea duniani. Hiyo ndiyo hoja yangu yote, na ninawaomba wakufunzi wa Nakuru, Eldoret na Kisumu waisikie.

Majeraha ya mkono tunayachukulia kwa wepesi mno. "Ni kidole tu" nimeisikia mara nyingi kuliko ninavyopenda. Kidole kikipigwa kwenye ncha, ule ukano unaokinyoosha unaweza kukatika, na utaona kiungo cha mwisho kimeinama, hakinyooki chenyewe. Hicho hakiponi kwa kuvutwa wala kukandwa kwa maji moto. Kinahitaji banzi la kukinyoosha muda wote kwa wiki 6 hadi 8, na ukikikunja hata mara moja katikati, unaanza kuhesabu upya. Hatari zaidi ni kale kamfupa kadogo kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba. Mtu akianguka akajizuia kwa kiganja, kamfupa hako kanaweza kupasuka na eksirei ya siku ya kwanza isionyeshe chochote. Kama unabonyeza lile shimo lililo chini ya gumba na bado linauma, mkono ufungwe na picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14. Kakiachwa hivyo kanaweza kukosa kuunga kabisa, na kifundo kitakusumbua maisha yako yote. Mkufunzi asiyejua mambo haya mawili asiwape watu fimbo.

Na macho yakingwe. Miwani ya kinga ya mafundi wa kuchomelea na kukata vyuma, ile ya plastiki isiyo na rangi, ni bora kuliko kutokuwa na kitu wakati wa mazoezi ya polepole. Pambano la kasi bila helmeti yenye wavu lisiruhusiwe, hata wahusika wakisema wanaaminiana.

Hapa ndipo suala la wanawake linapoingia, kwa mlango ambao wakufunzi wengi hawauoni. Chukua glavu. Tunazotumia ni za mtumba, za waendesha pikipiki, zile zenye ganda gumu juu ya vifundo. Nyingi zimeshonwa kwa mikono mikubwa. Mwanamke mwenye mkono mdogo akizivaa, fimbo inacheza ndani ya kiganja, naye anaikaza kwa nguvu zaidi ili isimtoke. Baada ya wiki kadhaa anaanza kuumwa kiwiko upande wa nje, maumivu ya kano yaliyotokana na kukaza huko. Anaambiwa hana nguvu. Ukweli ni kwamba amepewa kifaa kisichomtosha, na hakuna aliyehangaika kuingia kwenye marobota kumtafutia kinachomtosha.

Kisha kuna alama. Mimi nikienda kazini na kigasha kilichovilia damu, wenzangu wanauliza mazoezi yalikuwaje. Mwanamke akionekana na alama ileile Nakuru hii, hakuna anayefikiria michezo. Mwenzetu mmoja anauza viazi sokoni, amekaa mbele ya watu mchana kutwa. Wateja walianza kumnong'oneza, "Mama, ni nani anakufanyia hivi?" Wengine walimpa pole kwa ajili ya mume ambaye hakuwa amefanya lolote, na mume naye akaanza kutazamwa vibaya mtaani. Mama huyu akaanza kuvaa mikono mirefu hata jua likiwaka. Siwalaumu walioulizwa wala waliouliza. Katika nchi ambayo wanawake wengi hupigwa majumbani, kuuliza ni wema. Ila mkufunzi anayemwona mwanafunzi wake akibeba mzigo huo na kumwambia "zoea" hajamfundisha kitu. Suluhisho lilikuwa rahisi: kinga za ugoko za wachezaji wa mpira, zikafungwa kwenye kigasha chini ya shati. Sasa wanaume pia wanazivaa.

Kuna jambo zito zaidi la kusema hapa. Wapo wanawake wanaokuja kwetu kwa sababu walipigwa kweli. Mwanamke wa aina hiyo anaweza kuganda fimbo inapoinuliwa juu ya kichwa chake, hata kama aliyeishika ni kijana mpole anayefuata hesabu ya pembe 12, yaani mapigo 12 ya msingi ya arnisi. Kumwuliza mbele ya darasa ana tatizo gani ni ukatili. Ninachoona kinafaa ni kumpa yeye kazi ya kupiga kwanza, mwenzake akinge, kwa muda anaotaka, na kila mtu ukumbini ajue kwamba neno "basi" linasimamisha zoezi papo hapo bila maelezo. Neno hilo liwe la wote. Mwanamume aliyeumia bega analihitaji vilevile.

Niseme na kuhusu wenza wa mazoezi, maana hapa ndipo tunapowapoteza wengi. Kuna mwanamume anayegusa fimbo ya mwanamke kama anayegusa yai, na kila baada ya pigo anasema "pole, pole." Ana adabu, ndiyo, lakini anamwibia mwenzake mafunzo. Mwanamke huyo atakinga pembe ya pili kwa mwaka mzima bila kujua pigo halisi lina uzito gani. Mwingine ni yule anayecheza vizuri hadi mwanamke ampate mkononi, na hapo pigo linalofuata linakuja kwa nguvu maradufu. Kila aliyefanya mazoezi anamjua mtu huyu. Majeraha mabaya zaidi niliyoyaona yalitoka kwake, na hayakuwa ajali. Wa kwanza namfundisha polepole, namwonyesha jinsi ya kupandisha kasi hatua kwa hatua kadiri mwenzake anavyokubali. Wa pili nataka asimamishwe mara ya kwanza na atolewe mara ya pili, hata kama ndiye mpiganaji bora wa klabu na hata kama ndiye anayetuletea medali.

Najua nitakachojibiwa: kwamba nikiweka kanuni nyingi, sanaa italegea. Tazama Michezo ya Asia ya Kusini-Mashariki ya mwaka 2019. Ufilipino walikuwa wenyeji, arnisi ilikuwa na medali 20 za dhahabu, za wanaume na za wanawake, na mapambano yalikuwa ya fimbo tupu na ya fimbo yenye sponji. Waliopambana walivaa helmeti na kinga. Kama wenye sanaa yao wanavaa kinga wakiwania dhahabu, sisi wa ukumbi wa kukodi tunajionyesha kwa nani?

Wala hatuwezi kudai kwamba wanawake wa upande huu wa nchi hawana moyo wa mapigano. Conjestina Achieng alitoka Siaya, na hakuna mtoto wa Magharibi wa rika langu asiyejua ngumi zake. Elizabeth Andiego alipanda ulingoni London mwaka 2012, bondia wa kwanza wa kike wa Kenya kwenye Olimpiki. Faith Ogallo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii, Bungoma, alipofuzu kwenda Tokyo kwa taekwondo. Mlango ukifunguliwa, wanaingia.

Tangu maandamano ya Januari 2024 ya kupinga mauaji ya wanawake, nimeona matangazo mengi ya mafunzo ya kujilinda: siku moja, saa tatu, cheti mkononi. Nayapinga. Huwezi kumtisha mwanamke kwanza ili umuuzie ujasiri baadaye, na fimbo haifundishiki kwa saa tatu. Silaha hupunguza tofauti ya nguvu za mwili, hilo ni kweli, kwa kuwa kasi na pembe huchukua nafasi kubwa. Haiondoi tofauti hiyo yote, na anayeahidi hivyo anaweza kumfanya mtu abaki mahali alipopaswa kukimbia. Nawakaribisha wanawake kwenye arnisi kwa sababu ileile iliyonileta mimi: ni sanaa nzuri, inafikirisha, na mwili unaipenda.

Basi tuanze na ratiba. Mazoezi ya saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku yanamaanisha mtu anashuka kwenye matatu gizani, kisha anatembea mpaka Kaptembwo au Free Area. Darasa la Jumamosi asubuhi, lenye mtaala uleule na mtihani uleule, linawafaa wanawake na linawafaa pia wanaume wanaofanya kazi za zamu. Kiwepo chumba chenye komeo cha kubadilishia nguo. Anayejifunika kichwa apewe helmeti inayokaa vizuri juu ya kitambaa. Klabu inunue jozi chache za glavu ndogo kutoka kwenye ada ya mwezi kabla ya kununua fulana zenye nembo.

Na wanawake waliodumu wafundishe. Simaanishi kuongoza kunyoosha viungo na kuandika majina ya waliofika, kazi wanazopewa sana. Washike darasa zima la sinawali, yaani mazoezi ya fimbo mbili, moja kila mkono, wanaume wakiwemo, wawasahihishe mshiko na hatua, na watoe alama za mtihani. Kwetu dada mmoja ameanza kufanya hivyo Jumamosi. Vijana wawili walihamia darasa la jioni. Wengine wamebaki, na mkono wao wa kushoto umeanza kuamka.