Pikseli nyingi, chenga nyingi? Kesi ya D700 na D800

Kamera ya Nikon D700 ya mwaka 2008 ina pikseli (nukta zinazounda picha) milioni 12. D800 ya mwaka 2012 ina milioni 36, kwenye sensa (kipokea mwanga cha kamera, si ya kuhesabu watu) ya ukubwa ule ule wa fremu kamili, milimita 36 kwa 24 hivi. Mtu anafungua picha zake mbili za ukumbini, zilizopigwa kwa ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuitikia mwanga) kubwa, anazivuta hadi asilimia 100 na kutoa hukumu: pikseli zikibanana, chenga, yaani vidoadoa vinavyochafua picha, zinazidi. Hukumu hiyo imezionea kamera nyingi.

Tuanze na kipimo chenyewe. Tuseme kioo chako cha kompyuta ni cha inchi 24, chenye upana wa pikseli 1920. Picha ya D800 ina 7360. Ukiivuta mpaka kila pikseli ya picha ikalie pikseli moja ya kioo, picha nzima ingehitaji kioo chenye upana wa mita 2. Ile ya D700, yenye pikseli 4256, ingeishia sentimita 118 hivi. Kwa hiyo umesogeza pua kwenye bango la mita 2, ukasogeza tena kwenye bango la mita moja na ushee, kisha ukalilaumu lile kubwa. Hakuna anayesafisha picha mbili kwa ukubwa tofauti hivyo halafu akazishindanisha, ila kwenye kompyuta tunafanya kila siku.

Halafu kuna mwanga wenyewe, ambao ndio chanzo cha chenga nyingi tunazoziona. Fotoni, yaani chembe za mwanga, hazishuki kwa foleni. Idadi yake hupanda na kushuka kwa kiasi cha kipeuo chake cha pili. Tuseme teknolojia ni sawa, na pikseli ya D700 imepokea fotoni 1200: inatetereka kwa 35 hivi, chini ya asilimia 3. Eneo hilo hilo kwenye D800 lina pikseli tatu, kila moja fotoni 400, ikitetereka kwa 20. Hiyo ni asilimia 5, na hapo ndipo watu wanaposhika vichwa. Sasa zijumlishe zote tatu: fotoni zinarudi 1200, mtetereko unarudi 35. Shamba la urithi ukiligawa kwa warithi 12 au 36, linalopungua ni fungu la kila mmoja. Magunia ya shamba zima ni yale yale.

Ndiyo maana DxOMark, tovuti ya kupima kamera, alama zake za sensa huzihesabu kana kwamba picha za kamera zote zimeshushwa hadi megapikseli (pikseli milioni) 8. Wako wanaosema huko ni kuficha chenga, na kwamba mnunuzi anatupa undani alioulipia. Hoja ya undani ina uzito. Basi tufanye kinyume, tuikuze ya D700 hadi milioni 36: chenga zake nazo zinakua, zinageuka mabaka, na undani hauji.

Penye giza kweli kweli, wenye pikseli kubwa wana haki yao. Kila pikseli inaposomwa, vifaa vya kamera huongeza chenga zao kidogo. Tuseme ni elektroni 3 kwa kila usomaji (fotoni moja iliyonaswa huhesabiwa kama elektroni moja): pikseli moja kubwa inalipa 3, ndogo tatu kwa pamoja zinalipa 5 na kidogo. Kwenye fotoni 1200 hesabu hiyo haionekani. Kwenye fotoni 12 inauma. Sony walipotoa A7S mwaka 2014 walibaki na megapikseli 12, na ISO yake inafika 409,600. Anayerekodi video usiku hakosei kuitaka. Ila D800 ilikuja miaka minne baada ya D700, teknolojia ikiwa imesonga mbele, na kadiri usomaji unavyopungua chenga, ndivyo faida hiyo inavyobaki kwenye vivuli vizito tu.

Kinachobaki ni kukata picha. Ukiikata picha ya D800 ukabakiza theluthi moja tu ili umpate bibi harusi peke yake, umebaki na theluthi ya mwanga, na chenga zitajionyesha kweli. Kata ya D700 vivyo hivyo: mwanga unaobaki ni ule ule, pikseli ni milioni 4.