Sauti Zilizowekwa kwenye Rafu Isiyo Yao

Tarehe 11 Februari 1963, vijana wanne wa kundi la Beatles kutoka Liverpool waliingia studio jijini London na kurekodi kwa siku moja sehemu kubwa ya albamu yao ya kwanza. Miongoni mwa nyimbo walizorekodi siku hiyo ulikuwamo mmoja ambao hawakuutunga wao, uitwao "Anna", na John Lennon aliuimba huku akisumbuliwa na mafua. Watu wengi mno wameusikia wimbo huo wa Beatles bila kujua kwamba mwenyewe ni Arthur Alexander, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Sheffield, Alabama, aliyeutoa mwaka 1962. Rolling Stones nao waliimba wimbo wake mwingine, na miaka mingi baadaye Bob Dylan akafanya hivyo hivyo. Ni watunzi wachache sana wanaoweza kudai heshima ya namna hiyo, lakini ukilitaja jina la Alexander mbele ya wapenzi wa muziki wa miaka ya 1960, wengi watakuuliza huyo ni nani.

Kwa muda mrefu nilikubaliana na maelezo rahisi kwamba soko la muziki lina chujio lake, na kwamba aliyesahauliwa huenda alistahili kusahauliwa. Siamini hivyo tena. Kadiri ninavyosikiliza santuri za zamani za soul, muziki wa Wamarekani weusi wenye asili ya kanisani, na za kantri, muziki uliohesabiwa kuwa wa wazungu wa mashambani, ndivyo ninavyoona kwamba wengi wa waliopotea hawakuwa wabovu kuliko waliofaulu. Tatizo lao lilikuwa kwamba hakuna aliyejua awaweke kwenye rafu ipi.

Alexander ni mfano mzuri wa jambo hili. Alirekodi wimbo wake wa kwanza uliovuma katika studio ya FAME, eneo la Muscle Shoals, Alabama, chini ya Rick Hall, na mapato ya santuri hiyo ndiyo yaliyomwezesha Hall kujenga studio ambayo baadaye ilipata umaarufu mkubwa. Wapiga ala walikuwa wazungu wa Kusini waliokua wakisikiliza redio za wazungu na za weusi pia. Alexander mwenyewe aliimba kwa upole na uwazi wa mwimbaji wa kantri, bila vilio na madoido ya kanisani ambayo wasikilizaji walizoea kuyatarajia kwa mwimbaji wa soul. Kwa redio za weusi alionekana mtulivu kupita kiasi, na kwa redio za kantri rangi yake ilitosha kumfungia mlango. Santuri zake nyingi zikaishia katikati, mahali ambapo hapakuwa na duka wala chati.

Mgawanyiko huo haukuzuka wenyewe. Tangu miaka ya 1920 kampuni za kurekodi za Marekani zilikuwa na orodha mbili tofauti za kuuzia santuri, moja ikiwalenga wanunuzi weusi na nyingine wazungu wa mashambani, ingawa waimbaji wa pande zote mbili walikuwa wakiazimana nyimbo na mitindo ya kupiga magitaa. Ukuta ulijengwa na wauzaji, kisha ukarithiwa na redio. Ni kweli kwamba mwaka 1962 Ray Charles alitoa albamu nzima ya nyimbo za kantri na ikashika nafasi ya kwanza Marekani, lakini yeye alikuwa tayari na jina kubwa la kuvunjia ukuta huo. Asiye na jina alibaki upande aliopangiwa.

Linda Martell alijaribu kuuvuka ukuta huo mwaka 1969. Alitoka Carolina Kusini, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuimba peke yake katika Grand Ole Opry, jukwaa mashuhuri la kantri mjini Nashville, na santuri yake ikafika nafasi ya 22 katika chati ya kantri ya jarida la muziki la Billboard. Kampuni iliyomrekodi ilijiita Plantation, yaani shamba kubwa la aina ile ile walikotumikishwa watumwa, na sihitaji kueleza jina hilo lilisikikaje kwa mwanamke mweusi wa Kusini. Albamu yake ilitoka mwaka 1970, na hakutoa nyingine. Ukiisikiliza leo utashangaa jinsi anavyopiga mwano wa kantri, ile sauti inayorukaruka kati ya nzito na nyembamba, bila dalili yoyote ya kuigiza, kwa sababu muziki huo ulikuwa wake tangu utotoni. Ilibidi zipite zaidi ya miaka hamsini kabla kizazi kipya hakijaisikia sauti yake katika albamu ya Beyoncé ya mwaka 2024. Wimbo wake ule uliofika nafasi ya 22 una kisa kingine: awali ulikuwa wimbo wa soul wa kundi la The Winstons, uliotoka mwaka huo huo, na upande wa pili wa santuri ya The Winstons kuna sekunde chache za ngoma ambazo baadaye zilikatwa na kubandikwa katika maelfu ya nyimbo za hip hop na muziki wa dansi wa Uingereza. Mpigaji wa ngoma hizo, Gregory Coleman, alifariki mwaka 2006 bila kupata mirabaha yoyote kutokana na sekunde hizo.

Katika mada hii neno linalonikera ni "kugunduliwa". Mwimbaji wa soul Bettye LaVette alitoa santuri yake ya kwanza mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 16, na ikavuma. Miaka kumi baadaye alirekodi Muscle Shoals albamu nzima, ambayo kampuni iliamua kuifungia kabatini. Mfaransa mmoja mkusanyaji wa santuri ndiye aliyezifuatilia kanda hizo, na zikatoka mwaka 2000. Magazeti yakaandika kuhusu mwimbaji aliyegunduliwa upya, ilhali LaVette hakuacha kuimba hata siku moja; aliimba katika vilabu vidogo na kwenye jukwaa la tamthilia ya muziki, akiwa mbele ya macho ya yeyote aliyetaka kumwona. Waliokuwa hawapo ni wasikilizaji.

Wala si kila ufukuaji wa santuri hufanywa kwa ajili ya msanii. Katika miaka ya 1970, vijana wa kaskazini mwa Uingereza walikesha wakicheza santuri za soul za Kimarekani ambazo kwao Marekani hazikuuzwa, hasa katika ukumbi wa Wigan Casino ulioanzisha mikesha hiyo mwaka 1973. Walizipenda kwa dhati na waliziokoa nyingi, lakini baadhi ya wapiga santuri walifunika lebo kwa karatasi na kutunga majina ya uongo ili washindani wasijue wimbo ni wa nani. Msanii aliyekuwa amesahauliwa akafichwa kwa mara ya pili, safari hii na watu waliompenda. Santuri ya Frank Wilson iliyotengenezwa na kampuni ya Motown ya Detroit mwaka 1965 kisha ikafutwa, ambayo nakala zake zilizosalia ni chache mno, iliuzwa mwaka 2009 kwa zaidi ya pauni 25,000. Wimbo wenyewe ni mzuri sana, lakini bei hiyo inapima uhaba wa nakala.

Nakiri pia kwamba si kila kilichosahauliwa ni dhahabu. Nimewahi kusikiliza mikusanyo mizima ya soul ambayo nyimbo zake kumi na tano zilikuwa nakala hafifu za mtindo uliokuwa ukivuma Detroit. Wako pia waliojiondoa wenyewe: Margo Guryan alitoa albamu ya pop iliyo laini na yenye akili mwaka 1968, akakataa kufanya ziara, kampuni ikaacha kuitangaza, naye akaendelea na maisha yake bila manung'uniko.

Anayetaka kuanza kusikiliza namshauri aanzie pale soul na kantri zinapogusana, kwa kuwa hapo ndipo wengi walipodondoka. Aanze na Alexander wa mwaka 1962, kisha aruke moja kwa moja hadi albamu aliyoitoa mwaka 1993, baada ya miaka mingi ya kuendesha basi mjini Cleveland. Sauti imekuwa nzito kidogo na haina haraka, lakini bado anaimba kwa namna ile ile, kama mtu anayezungumza na aliyeketi karibu naye na asiyeona sababu ya kupaza sauti. Albamu ilipokewa vizuri, na wasikilizaji wakaanza tena kumjia. Juni mwaka huo huo alifariki mjini Nashville, akiwa na umri wa miaka 53.