Sampuli ya Buli

Tangu nimuoe binti yake, mama mkwe hakuwahi kuniagiza kitu. Miaka kumi na moja nakwenda Guangzhou na kurudi na makava ya simu, na kila nikimuaga husema, "Nenda salama, mwanangu," basi. Kwa hiyo siku aliyoniita barazani kwake Kikwajuni, Unguja, akaniambia, "Huko kwa Wachina kuna mabuli ya asili, ya mafundi, si haya ya kiwandani. Niletee moja," nilihisi nimepandishwa cheo.

Nikajifanya mjuzi. "Birika kubwa au la wastani, mama?"

"Buli."

"Ndiyo, birika."

Akaweka chini ukili aliokuwa akisuka. "Mwanangu, birika la kuchemshia. Buli la kumiminia. Hayo mambo mawili."

Mimi mtu wa Morogoro. Kwetu chai hutoka sufuriani ikaingia kwenye chupa, na chupa ndiyo mwisho wa safari. Nikasema nimeelewa.

Guangzhou ninayoijua mimi ni mtaa wa Xiaobei kwa kulala na maduka ya jumla ya vifaa vya simu kwa kazi. Huko kuna kanuni moja: unachokiona dukani ni sampuli. Unashika kava moja, unalipinda, unalinusa, unaagiza elfu tatu, na mzigo unatoka godauni. Mwenye akili hanunui kilichopo kwenye rafu. Kanuni hiyo imenisomeshea watoto.

Soko la chai la Fangcun nilikuwa sijafika. Unapanda treni ya chini ya ardhi, laini namba 1, unateremka kituo chenye jina hilo hilo, na kutoka hapo pua inakuongoza. Mitaa kwa mitaa ni chai tu: chai ya Yunnan iliyogandamizwa ikawa duara kama mkate wa kumimina, magunia, makopo, na maduka ya mabuli yamepangwa ukutani kwa mamia. Yote madogo. Hakuna hata moja ambalo lisingekaa kwenye kiganja changu. Nikatabasamu peke yangu. Sampuli.

Nikaingia duka la mzee mmoja aliyekaa nyuma ya meza nzito ya gogo.

"Cha?" akaniuliza.

"Chai," nikamjibu, na hapo tukawa ndugu. Neno ni lao, sisi limetufikia likiwa limeokota i njiani.

Akatia majani kwenye buli la kahawia, akajaza maji ya moto, kisha chai ile ya kwanza akaimwaga yote juu ya chura wa udongo aliyekaa kwenye sinia, mwenye miguu mitatu na sarafu mdomoni. Chura akanywa kabla yangu. Ya pili ndiyo nikamiminiwa mimi, kwenye kikombe ambacho kwetu kingepimia dawa ya kikohozi.

Tamu, sikatai, na bila sukari. Nikanywa. Akajaza. Nikanywa. Akajaza. Sasa, wajomba wa mke wangu wamekaa Maskati miaka mingi, na wao ndio walionifundisha adabu ya finjani: ukitosheka na kahawa, unaitikisa kidogo mkononi, mwenyeji anaelewa. Nikatikisa. Mzee akafurahi, akajaza. Nikatikisa kwa nguvu. Akamwita mkewe atoke nyuma aje kuniona. Nilipokuja kujua kwamba kule kikombe kitupu ni ombi, na aliyetosheka hukiacha kimejaa, nilikuwa nimeshaulizia choo mara mbili.

Mazungumzo yalipita kwenye simu yake. Yeye anasema Kichina, simu inatoa Kiswahili kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa za vifo. Ikaniarifu kwamba buli limetoka Yixing, mkoa wa Jiangsu, limefinyangwa kwa udongo wa huko uitwao zisha, yaani mchanga wa zambarau, na kwamba halikupakwa kitu chochote, ndani wala nje, ndiyo maana linafyonza chai. Hadi hapo sawa. Kisha simu ikasema:

"Buli hili lazima ulilee."

Nikajibu nina watoto watatu, wananitosha.

"Ulilishe chai ya aina moja tu maisha yake yote. Sabuni usiliguse nayo. Litakumbuka."

Nikainamisha kichwa kwa heshima, kama mtu anayesomewa utenzi. Mzee akaniona sijaingiwa. Akaacha simu, akashika buli. Akaliinamisha, chai ikashuka kama uzi. Akaziba kwa ncha ya kidole kitundu kilichoko juu ya kifuniko, na uzi ule ukakatika papo hapo, hata tone halikufuata. Akaondoa kidole, ukaendelea. Akaziba, ukakatika. Kifuniko kilikaa pale kama kope juu ya jicho, hewa haina pa kupenya ila kwenye kile kitundu. Nikamwomba arudie. Nikamwomba nijaribu mwenyewe. Kwa muda kidogo, biashara ya makava ilinitoka kabisa kichwani.

"Nalitaka," nikaiambia simu. "Lakini nataka lenyewe, si sampuli."

Sijui simu ilimfikishia nini, ila mzee alibadilika uso. Akaweka mkono kifuani. Akaligeuza buli akanionyesha mhuri wa fundi uliogandamizwa chini. Akaleta karatasi yenye mhuri mwekundu na picha ya fundi mwenyewe. Simu ikatangaza: "La kweli! Si la bandia! Naapa!" Kumbe kwenye biashara ile hofu ya kila mteja ni feki. Kuna fundi wa Yixing aitwaye Gu Jingzhou, alifariki 1996, mabuli yake hunadiwa kwa mamilioni ya yuan, kwa hiyo wa kumuigizia hawakosekani. Mimi wasiwasi wangu ulikuwa lita.

Bei tukaivuta hadi yuan 800, karibu laki tatu zetu. Kwa sampuli ningecheka. Kwa buli la kunywesha ukoo, la mkono wa fundi, nikaona nimemuonea mzee. Akaingia nyuma akatoka na boksi kubwa lililofungwa kwa kitambaa cha hariri. Nikalipima kwa macho: lita tatu, haipungui.

Furaha ikaniharibia zaidi. Juu ya kabati niliona kitu cheusi cha chuma, kina mshikio wa kupita juu, mwili wote una vipele vidogo vidogo kama umenyeshewa mvua ya mawe. Mzee akasema ni la Kijapani, chuma cha Nambu, kutoka Iwate. Hili lilikuwa na saizi ya kueleweka. Nikawaza: mkwe kaniambia buli na birika ni mambo mawili. Si nimpelekee yote mawili, tuheshimiane? Mzee akanifunulia ndani, kweusi, kunang'aa kama kioo, akanitikisia kidole. Simu ikasema: "Hili usilipandishe hasira."

Nikamwahidi sitalipandisha hasira.

Jumapili jioni, Kikwajuni. Barazani watu kumi na mmoja, maana mke wangu alikuwa ameshatangaza. Mama mkwe amejitanda kanga mpya. Nikaweka boksi katikati, nikafungua kitambaa. Ndani boksi la mbao. Ndani yake sponji. Ndani ya sponji kitambaa cha manjano. Nilianza kuingiwa na baridi kwenye kile kitambaa cha manjano, maana mkono ulikuwa unazama na haukuti kitu.

Likatoka. Lile lile. Kiganjani.

Hakuna aliyesema neno, isipokuwa mwanangu wa mwisho, wa miaka minne: "Bibi, hilo langu?"

Mama mkwe akachungulia ndani ya boksi. Akanyanyua sponji. Akatazama chini ya mkeka. "Na lenyewe?"

"Ndilo, mama."

Shemeji yangu akachukua ile karatasi ya mhuri, akasoma kwa sauti herufi pekee alizozitambua: "Mililita 120." Yaani nusu kikombe, kugawana watu kumi na mmoja.

"Na hili ni udongo," akasema mama mkwe taratibu.

"Wa zambarau, mama."

"Mimi naona kahawia."

Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza. Lakini mkwe aliyeaibika hana breki. Nikasema lipo na birika, la Kijapani, subirini muone! Nikalitoa lile la chuma, nikalijaza maji, nikalipachika juu ya seredani iliyokuwa na makaa mekundu tayari kwa mishikaki. Kwa uzito wake watu wakaguna kwa kuridhika. Nikasogeza kiti, nikaanza kuwaeleza habari za Iwate, ambako sijafika.

Dakika chache tu, ndani kukalia *pa!* Kama punje ya bisi. Nikaendelea kueleza. *Pa! Pa!* Ikaanza harufu ya rangi iliyoungua. Nikaruka kulitoa, nikaukamata ule mshikio, na mshikio nao ni chuma kile kile. Niliyoyasema hapo kwa Kiluguru namshukuru Mungu hakuna Mluguru aliyekuwepo.

Mama mkwe akalitoa kwa kanga iliyokunjwa mara nne, akamwaga maji. Yalitoka na magamba meusi. Akachungulia ndani, muda mrefu.

"Limepakwa ndani kama sahani ya bati," akasema. "Sahani ya bati ukiibandika motoni si hubanduka? Hili la kumiminia." Akaniangalia kwa huruma ambayo hadi leo inaniuma kuliko vidole. "Mwanangu. Hili buli."

Yaani niliagizwa buli moja, nikaleta mawili, na moja nikalichemsha. Mpwa wangu aliyesoma Guangzhou alipasuka mbavu nilipomhadithia. Wajapani wanalo birika la chuma la kuchemshia kweli, akasema, lakini hilo ndani halipakwi kitu. Na Wachina wana neno moja, kupanda moto, hulitumia pia kwa mtu aliyepandwa na hasira. Mzee aliniambia nisilipandishe motoni. Simu ikachagua hasira.

Chai ya siku ile ilipikwa sufuriani: maziwa, tangawizi, iliki, mdalasini. Watu walipohudumiwa wote, mama mkwe akalivuta lile buli dogo, akaanza kulimiminia.

"Mama!" nikapiga kelele. "Hilo linafyonza! Linalishwa chai ya aina moja tu, maisha yake yote!"

"Si ndiyo hii?" akasema, akafunika. Kisha akainamisha, akaziba kile kitundu kwa kidole, chai ikakatika. Mimi sikuwa nimemwonyesha. Akaachia, ikashuka. Akaziba. Akacheka peke yake, cheko la msichana, na jioni ile yote hakumpa mtu mwingine alishike. Mwanangu akapewa la chuma achezee, akashindwa kulinyanyua.

Safari iliyofuata nilipita tena Fangcun, nikamwonyesha mzee picha. Buli lake la Yixing kwenye mkeka wa Kikwajuni, limeng'aa kwa kushikwashikwa, mdomoni lina tone la maziwa. Nikaiambia simu kwamba sasa hata ukilitia maji matupu yanatoka na tangawizi.

Mzee akaitazama picha. Akaikuza kwa vidole viwili, akalitazama lile tone. Simu ikasubiri, haikuwa na la kutafsiri. Mwishowe akashika buli lake, akammwagia chura, akanijazia kikombe.

Nikakiacha kimejaa.